Mzazi Aliyenona

Chuo cha Uuguzi, Hola
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Dada yangu Fardosa,

Assalaam alaykum. Najua umeipokea karatasi hii kwa mshtuko, maana kwenye ukoo wetu karatasi huletwa na polisi au na chifu. Tulia. Hakuna aliyekufa wala aliyeshtakiwa.

Naandika kwa sababu simu ya nyumba yenu iko na Duba mume wako, naye yuko na ng'ombe huko delta ambako hata mtandao haujafika. Na hata angekuwepo, anaiweka kwenye spika boma zima lisikie. Mara ya mwisho nilipokuuliza kama mimba inakusumbua, alinijibu mjomba wake. Kwa hiyo barua itapanda basi mpaka dukani kwa Nuriya pale Garsen, na Jibril wa pikipiki ya maziwa atakufikishia. Ukijibu, ipite njia hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni Madam Alice, anayetufundisha mwili wa binadamu. Amesema asiyeweza kumweleza moyo mtu ambaye hajakaa darasani, basi naye hakukaa darasani, alikalia kiti tu. Kila mmoja wetu achague mtu wa nyumbani, amwandikie, na amletee maswali aliyoulizwa. Nimekuchagua wewe. Tangu mama yetu afariki ni wewe uliyenilea, ukaacha shule darasa la nane ili mimi niendelee, na hakuna mtu anayeuliza maswali mengi duniani kama wewe.

Wiki jana alituletea moyo wa ng'ombe kutoka buchari. Wenzangu wengine walifunika pua. Mimi nilinyoosha mkono kwanza, nikaonyesha upande mnene na upande mwembamba kabla hajauliza. Akaniuliza, "Umesoma wapi?" Nikamwambia, kwenye sufuria ya dada yangu.

Basi sikiliza. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta katikati. Damu iliyokwisha kuacha hewa yake safi mwilini inarudi kwa mishipa inayoitwa vena, inaingia chumba cha juu cha kulia, inashuka cha chini. Hapo inasukumwa kwenda mapafuni. Si safari ndefu, ndiyo maana nyama ya upande huo ni nyembamba. Mapafuni inachukua hewa mpya, inarudi kwenye moyo upande wa kushoto, juu kisha chini. Hicho chumba cha chini cha kushoto ndicho mtumwa wa mwili mzima. Kinaisukuma damu kwa mishipa inayoitwa ateri mpaka utosini na mpaka kwenye kucha za miguu, mara sabini hivi kila dakika, usiku na mchana, tangu tumboni mwa mama mpaka kaburini. Kila mlango una vali, kama lango la zizi letu la ndama: ukishapita, huwezi kurudi ulikotoka. Ile sauti unayoisikia ukiweka sikio kifuani kwa mtu ni hizo vali zikijifunga.

Sasa niulize. Na unieleze hali yako, usinifiche.

Mdogo wako,
Gumato

*

Kwa Godana, Garsen
25 Agosti 2024

Muuguzi wangu Gumato,

Wa alaykum salaam. Barua niliisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, na mama mkwe aliacha kutikisa kibuyu cha maziwa akasikiliza. Miaka yote nimeosha moyo wa ng'ombe na kuukatakata vipande vya mchuzi, sikujua kama nakatakata nyumba ya vyumba vinne. Sasa nitaona haya.

Maswali yangu haya hapa, mpelekee mwalimu wako. La kwanza, huo moyo unaamshwa na nani? Mtu akilala, nani anaukumbusha kupiga? La pili, damu ikishateremka mpaka kwenye kucha, nani anaipandisha juu? Maji hayapandi mlima. La tatu ndilo linanisumbua. Ng'ombe akichoka analala chini ya kivuli, mtu akichoka analala kitandani. Moyo ukichoka unalala wapi?

Mimi ni mzima. Nachoka nikienda kisimani, lakini mwezi wa tisa ni nani asiyechoka? Mama mkwe amekwisha kunikataza ndoo. Huyu mama sijui nimwambie nini. Ameweka vibuyu viwili vya samli kwa ajili ya arobaini yangu na amefunga mbuzi wawili pembeni, hawaendi malishoni. Ameniambia, "Mama yako hayupo, nitakulisha mara mbili, kwa mkono wangu na kwa mkono wake. Shangazi zako wakija siku ya arobaini wasije wakasema binti Guracha ameozwa kwenye nyumba ya njaa."

Unajua mwenyewe shangazi Hawo alivyo. Hamtazami mtoto kwanza. Anamtazama mzazi mashavu, anamshika mkono, ndipo aseme bismillahi. Mama mkwe amehangaika na siku hiyo utadhani anayeolewa ni yeye.

Niombee.

Dada yako,
Fardosa

*

Hola
2 Septemba 2024

Mama Kadra!

Nuriya amenipigia simu. Nilipiga kelele bwenini mpaka matroni akaja. Mtoto wa kike, Alhamisi, salama, na jina zuri. Alhamdulillahi. Nambusu mtoto na nakubusu wewe.

Madam Alice alisoma maswali yako mbele ya darasa. Akasema, "Huyu dada yako kwa nini hayuko hapa?"

Majibu. Moyo hauamshwi na mtu. Ukutani mwa chumba cha juu cha kulia kuna mahali padogo panapotoa cheche penyewe, na cheche hiyo ndiyo inayoukunja moyo. Ubongo unaweza kuuharakisha ukiogopa, au kuupoza ukilala, lakini hauuanzishi. La pili, damu ya miguuni inapandishwa na nyama za miguu yenyewe. Kila ukitembea zinaibana mishipa, na ndani ya vena kuna vilango vidogo vinavyoikataza kurudi chini. Ndiyo maana tunawaambia wazazi wasikae kitandani siku nzima. Damu inayokaa mahali pamoja inaweza kuganda. Zunguka nyumba, hata kama hutoki nje.

La tatu hatujafika. Madam anasema moyo unaochoka ni mada ya baadaye na inataka wiki nzima. Nikilisoma nitakuandikia.

Kula, pumzika, mnyonyeshe Kadra. Mwambie Mama Duba namshukuru kwa niaba ya mama yetu.

Gumato, shangazi mdogo wa mtoto

*

Kwa Godana
12 Septemba 2024

Gumato,

Ungeniona ungecheka mpaka ulie. Nimenona! Ile bangili ya fedha ya mama imebidi Jibril aikate kwa koleo, mkono umeijaza. Miguu yangu sasa ni miguu ya mke wa tajiri, vifundo havionekani tena. Asubuhi supu ya mbuzi, adhuhuri maziwa na samli, jioni supu tena, na mama mkwe anatia chumvi bila uchoyo kwa sababu anasema mzazi ametokwa na jasho jingi na damu nyingi, lazima arudishiwe. Nikiacha tone ndani ya bakuli anasimama mlangoni mpaka nilimalize.

Juzi wanawake wa jirani walikuja. Kila mmoja alinibonyeza mguu, kidole kikazama, wakapiga vigelegele. Mmoja akasema, "Samli hii mpaka unaweza kuandika jina juu yake." Mama mkwe alikaa pembeni anajifanya hasikii, lakini nilimwona anavyotabasamu chini ya mtandio. Sijawahi kumwona mtu anafurahi hivyo kwa ajili yangu tangu mama afe.

Mtoto ananyonya vizuri. Siku hizi nalala nimeegemea magunia, maana nikikaa ananyonya vizuri zaidi, na pia moshi wa kuni umenipa kikohozi kidogo, kikinijia nimelala kinasumbua. Si kitu. Moshi ni moshi.

Mwalimu wako amefika kwenye moyo unaochoka? Usinisahau.

Dada yako mnene,
Fardosa

*

Hola
16 Septemba 2024

Dada mnene!

Nimecheka kweli, nimemsomea kila mtu bwenini habari ya bangili. Safari hii shangazi Hawo hana pa kushika. Kula, dada. Kunywa supu yote, usimwachie Mama Duba hata tone la kukulaumu. Wewe ulikaa na njaa ili nile mimi, sasa ni zamu yako.

Wiki hii tunaanza wadi, kwa hiyo naandika kifupi. Kikohozi, fungua dirisha.

Gumato wako

*

Hola
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Kwa Mama Duba, kwa heshima.

Shikamoo mama. Barua hii nimeipiga picha na kumtumia Nuriya kwa simu, kwa kuwa basi litachelewa. Amekubali kufunga duka aje akusomee mwenyewe. Nakuomba usikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Jana jioni nilimpigia Jibril simu akupe neno kwamba Fardosa aletwe hospitali. Amenirudishia jibu lako: kwamba mzazi havuki kizingiti kabla ya arobaini, na kwamba hapo hakuna mgonjwa, kuna mwanamke aliyenona. Mama, sikulaumu kwa jibu hilo. Mimi nasomea kazi hii, na niliposoma habari ya unene wake nilicheka, nikamwandikia ale zaidi. Nimeandika kwa mkono wangu. Tangu jana siwezi kula.

Jana wadini kwetu kulikuwa na mama kutoka Kinakomba aliyejifungua mwezi uliopita. Miguu yake mikubwa, vifundo havionekani. Analala ameegemea mito, anakohoa akilazwa. Madam Alice alibonyeza mfupa wa mbele wa mguu wake, akahesabu mpaka kumi, akaondoa kidole. Shimo likabaki pale. Akatuambia, "Mafuta hurudi yenyewe. Hili ni maji." Nilitoka nje, nikaitoa barua ya Fardosa mfukoni, nikaisoma upya. Kila neno lilikuwepo. Lilikuwepo siku zote na mimi nilicheka.

Uko ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa mimba au baada ya kuzaa. Nyama ya moyo inalegea. Damu inafika lakini moyo hauwezi kuisukuma yote, basi inayobaki inapanga foleni nyuma. Ikipanga upande wa mapafu, maji yanaingia mapafuni na mtu hawezi kulala chali, kwa sababu akilala, maji ya miguuni nayo yanarudi kifuani. Ikipanga upande wa mwili, miguu inavimba. Na chumvi inayashikilia maji yasitoke.

Lakini wewe si wa kufundishwa na kitabu. Umepasua ng'ombe wengi kuliko kurasa nilizosoma. Nikuulize: ng'ombe akivimba kidari, ngozi ya chini ya shingo ikajaa na kuning'inia, wewe unasema amenona? Mwaka wa harusi ya Fardosa mtamba wa baba alivimba hivyo, na wanaume wakasema ni unono wa majani mapya. Wewe ulikuja ukamtazama shingo, ukauona mshipa umesimama kama kamba, ukasema huyu moyo wake umeharibika. Tulipompasua moyo ulikuwa umezama ndani ya maji. Nilikuwepo, nilishika taa.

Sasa mama, nakuomba, ingia ndani. Fardosa akiwa ameegemea magunia, mgeuze uso kidogo, umtazame shingo. Halafu mbonyeze mguu, hesabu kumi. Halafu hesabu pumzi zake akiwa hasemi, kwa dakika moja ya saa ya Nuriya. Zikizidi ishirini na tano, usingoje.

Yule mtamba hakuwa na dawa. Fardosa anayo, iko hapa. Arobaini Mungu ataijua.

Mtoto wako,
Gumato

*

Garsen
Jumamosi, 21 Septemba, asubuhi

Gumato mwanangu,

Barua hii unaletewa na mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo ukiisoma watakuwa wamefika, inshallah.

Mama Duba alinisikiliza amesimama. Pale pa ng'ombe akaniambia, soma tena. Nikasoma. Akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na Kadra mgongoni amekwisha kumfunga, na uso wake sikuweza kuutazama. Alimwambia Jibril neno moja: "Gari." Mwanamke huyu, kwa jinsi nimjuavyo, hajapanda gari tangu aolewe.

Fardosa alitaka kutembea mpaka barabarani. Hakufika nusu. Midomo yake ilikuwa si rangi yake. Pumzi nilizihesabu mimi, zilikuwa thelathini na nane.

Mimi ni mtu wa Kipini, kwetu tumezoea kuwasindikiza watu kwa dua. Nimesoma niliyoyajua yote. Nijulishe.

Nuriya

*

Kwa Godana
9 Oktoba 2024

Gumato mpenzi,

Tumefika salama Jumapili. Nimeona nikuandikie mambo ambayo sikuweza kuyasema kule, wewe umevaa sare na wagonjwa wanasikiliza.

Nilikuwa najua. Nisamehe. Tangu kabla ya Kadra kuzaliwa nilijua kuna kitu, nikilala chali nilihisi kama mtu amenikalia kifuani. Sikusema kwa sababu Mama Duba alikuwa na furaha, na kwa sababu niliogopa. Nilikuandikia habari ya magunia nikasema ni mtoto, nikaandika habari ya kikohozi nikasema ni moshi. Nadhani nilitaka uniulize. Hukuuliza, nikafurahi, nikaogopa zaidi.

Sasa maji yametoka na mimi nimetoka nayo. Ungeniona. Vidonge vile vya kukojoa vimenimaliza. Mashavu hakuna, mikono ni fimbo, mifupa ya shingo inaweza kushika maji ya mvua. Nalala chali lakini, Gumato. Siku ya kwanza nimelala chali nililia.

Kinachoniumiza ni Mama Duba. Tangu turudi hasemi nami. Anapika chakula bila chumvi, anakiweka mbele yangu, anakaa pale mlangoni ananitazama midomo yake ikitikisika, nikimsemesha anainua mkono ninyamaze. Nadhani ananilaani. Nimemwaibisha, nimevunja arobaini yake, nimemrudisha nyumbani na mifupa badala ya mzazi. Na daktari alisema mbele yake kuhusu mimba nyingine. Nani atampenda mkwe wa namna hiyo?

Shangazi wameahirisha, wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nane. Nimefikiri jambo na nataka ruhusa yako kama muuguzi. Nikiacha vidonge vya maji kuanzia Jumatano, nikanywa supu yenye chumvi siku mbili tatu tu, uso utajaa kidogo, miguu itajaa. Shangazi wataona mzazi, watakunywa chai, watakwenda zao. Jumamosi narudia dawa. Siku tatu tu, kwa ajili ya huyu mama. Alinilisha kwa mikono miwili, sitaki avuliwe nguo mbele ya watu kwa sababu yangu.

Nijibu haraka.

Fardosa

*

Hola
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Dada,

Hapana. Hapana. Nikipata nafasi ya kuandika neno moja tu maishani mwangu ni hili.

Sikukuambia kila kitu hospitalini kwa sababu ulikuwa unajifunza kulala. Sasa nakuambia. Siku ile ya picha ya moyo nilisimama nyuma ya daktari nikauona moyo wako kwenye kioo. Chumba cha chini cha kushoto, yule mtumwa niliyekuandikia, kwa mtu mwenye afya kinajaa damu na kila kikijikunja kinatoa zaidi ya nusu. Chako kilikuwa kinatoa robo. Kimetanuka, kimelegea, kinatetemeka kama mtu anayetaka kuinua gunia na hawezi. Nimekitazama kwa macho yangu. Siku hizi kinapata nafuu kwa sababu vidonge vya maji vimekipunguzia mzigo na vile vingine vinakisaidia kujikunja na kupumzika. Ukikiwekea mzigo siku tatu, Fardosa, sidhani kama kitafika Jumamosi.

Uliniuliza moyo ukichoka unalala wapi. Haulali. Hiyo ndiyo sababu tunamnyima mtu chumvi, ndiyo sababu daktari alisema usibebe mimba nyingine mpaka upigwe picha tena, na huenda usibebe kabisa. Mapumziko ya moyo ni kupunguziwa kazi, hakuna mengine.

Na mimi nina langu la kukiri. "Kula, dada. Kunywa supu yote." Nimeiandika mimi, tarehe kumi na sita Septemba. Madam Alice aliniambia makosa kama hayo kila muuguzi hubeba moja, na akanipa mkono wake nilie. Sitaki kubeba la pili.

Kuhusu Mama Duba sijui. Mara mbili nilimkuta hospitalini amekaa kwenye sakafu kando ya kitanda chako, nikimwambia akapumzike ananiambia nimnyamazie. Labda amekasirika, labda ni huzuni. Hata kama anakulaani, nakuomba uishi ulaaniwe.

Nimemtumia Nuriya picha ya barua hii pia. Nimemwambia amsomee Mama Duba yote, na habari ya hizo siku tatu zako. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa hai.

Gumato

*

Garsen, dukani kwa Nuriya
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Gumato binti Guracha,

Anayesema ni mama yake Duba, anayeandika ni Nuriya. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee Kiswahili changu.

Barua yako nilisomewa. Ile habari ya siku tatu nilisomewa. Nilikwenda nyumbani, nikachukua kopo la chumvi na ile ya jiwe ya ng'ombe, nikaziweka zote kwenye zizi letu la ng'ambo. Tangu siku hiyo nyumba yangu haina chumvi, mimi pia sili.

Fardosa anafikiri nimemkasirikia. Mimi sijamkasirikia. Wewe ndiye uliniambia nihesabu pumzi. Mimi sijasoma, kuhesabu kwangu ni kwa ng'ombe, nikiongea nasahau nimefika wapi, naanza tena. Basi siongei. Nahesabu akila, nahesabu akinyonyesha. Jana ilikuwa kumi na nane. Nikisikia kumi na nane naweza kwenda kukamua.

Ulisema hospitalini kwamba si chakula changu kilichoulegeza moyo, kiliongeza maji tu. Sijui kama ulisema kweli au ulinihurumia. Sikuulizi tena. Yule mtamba nilimwona shingo kwa mbali, na mtoto huyu nilimpa bakuli kwa mkono kila siku sikumwona. Nitakwenda na hilo mpaka kwa Mungu.

Duba nimemwambia yote, na ya mimba. Akaniuliza vile vidonge vinauzwa wapi, visije vikaisha mvua ikikata barabara. Mwanangu ni mtu.

Sasa ya Ijumaa.

Shangazi zako walikuja watano. Hawo aliingia kwanza, hakumtazama mtoto. Alimshika Fardosa mkono, akauzungusha kwa vidole viwili, vidole vikakutana. Akaniambia mbele ya watu wote, mbele ya majirani wale waliopiga vigelegele, "Mama Duba, huyu mlimlisha nini?"

Nilikuwa na jibu. Ningesema moyo wake mgonjwa, na karatasi za hospitali ninazo. Lakini nawajua watu wetu. Leo wakijua moyo, kesho wanajua mimba, keshokutwa wazee wanakuja kumwambia Duba aoe mwingine, na huyu anawekwa pembeni na mtoto wake mmoja kama chombo kilichopasuka. Mimi sikumtoa kule Hola ili akae pembeni.

Basi nikasema, "Sikumlisha. Mwaka huu maziwa yalikuwa machache, nikawapa wanangu kwanza. Mkwe si mtoto."

Nuriya hapa anaacha kuandika, nimemwambia aendelee.

Walipiga kelele. Hawo alinitemea mate mbele ya miguu. Majirani walijua nasema uongo, waliona mbuzi niliochinja, lakini hakuna aliyefungua mdomo, Mungu awalipe. Hawo akasema, "Inuka Fardosa, chukua mtoto, tunakupeleka kwetu. Kule kuna chumvi, kule kuna samli, kule una watu." Hapo ndipo niliogopa, Gumato. Hilo sikulifikiria. Niliona wakimwinua, nikaona wakimtilia supu yao kwa mapenzi kama nilivyomtilia mimi. Nilitaka kusema kweli na ulimi haukutoka.

Fardosa aliinuka. Alikwenda polepole, mkono kwenye ukuta, mpaka pale nilipokuwa nimekaa chini. Akakaa karibu nami. Akachukua lile bakuli langu la uji baridi usio na chumvi, lililokuwa pale tangu asubuhi na nzi juu yake, akalinywa lote mbele yao mpaka likabaki jeupe. Akapangusa mdomo.

Akamwambia Hawo, "Nimeshiba."

Mama Duba
(kwa mkono wa Nuriya)